Nina Miaka 41 na Sina Timu: Ofisini Ni Yanga, Kijiweni Ni Simba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mhasibu katika ofisi moja ya serikali pale Mtumba, naishi Nkuhungu. Nina mke na watoto wawili. Sidaiwi, sinywi, sina mchepuko. Nayasema haya mapema kwa sababu barua nyingi unazoletewa huanzia huko, na yangu unaweza kuicheka ukaitupa. Nakuomba usiitupe.

Tatizo langu ni kwamba sina timu.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa. Redio tulikuwa nayo, ndogo ya betri mbili, lakini ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mpira ukianza tu, bibi anazima. Alikuwa akisema betri hazinunuliwi dukani ili yeye asikilize wanaume wanavyokimbizana. Zikiishiwa nguvu tulizianika juu ya bati, zikipata uhai kidogo, uhai huo ni wa habari ya saa mbili usiku. Wenzangu shuleni walikuja na Simba na Yanga zao kutoka nyumbani, walipewa kama mtu anavyopewa jina la ukoo. Mimi nilisema sipendi mpira, na kwa miaka mingi jibu hilo lilitosha.

Shida ilianza nilipohamishiwa Dodoma mwaka 2019. Siku ya kwanza kwenye basi la watumishi, hata jina sijaulizwa, mzee mmoja wa masijala akanigeukia: "Kijana, Simba au Yanga?" Basi zima likanyamaza kusikiliza. Nikaona skafu ya kijani na njano imening'inia mbele kwa dereva. Nikasema Yanga. Nikapigiwa makofi na kupewa kiti cha dirishani.

Jioni ile ile nikapita kijiwe cha kahawa karibu na nilipopanga. Swali ni lile lile, ila muuza kahawa alikuwa amevaa jezi nyekundu. Nikasema Simba. Shangazi, nilidhani ni swali la salamu, mtu unajibu unapita zako. Kumbe nilikuwa najiandikisha.

Tangu hapo ofisini naitwa Mwananchi, kijiweni naitwa Mnyama. Nakariri majina ya wachezaji wa pande zote mbili kama mtu anayejiandaa na mtihani. Jezi ya njano inakaa kwenye droo ya ofisini, nyekundu inakaa kabatini nyumbani, na sijawahi kuziweka kwenye mfuko mmoja.

Yaliyonifanya nikuandikie ni mawili. La kwanza ni Jumapili ile ya Novemba 5, 2023, Yanga alipomfunga Simba 5-1. Nilikuwa kwenye kibanda cha video na watu wa kijiweni. Mapumziko ilikuwa 1-1, watu wana matumaini. Lilipoingia la tano, fundi seremala mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alivua kofia akajifunika nayo usoni, mabega yanatikisika. Na mimi nimeshika kichwa kama wote, lakini ndani hamna kitu. Nilikuwa nawaza kama gesi nyumbani itafika mwisho wa wiki. Kesho yake kwenye basi watu wanaimba na kunyoosha vidole vitano dirishani, na mimi nimenyoosha vyangu vitano. Ndani hamna kitu vilevile. Nikajikuta namwonea wivu yule fundi. Hivi mtu mwenye akili timamu anaweza kumwonea wivu mtu aliyepigwa mkono?

La pili ni mwanangu wa darasa la pili. Waliambiwa shuleni wachore jezi ya timu ya nyumbani kwao. Akaja kuniuliza, "Baba, sisi ni timu gani?" Nikamwambia tutazungumza. Akachora jezi nzuri tu, na kola yake na namba, ila hakuipaka rangi. Imebandikwa kwenye friji mpaka leo, nyeupe.

Mama watoto ni Simba wa kuzaliwa, ila anasema imani haipandikizwi kwa nguvu. Rafiki mmoja kanishauri nichukue Arsenal nipumzike. Mwingine anasema mtu mzima huchagua inayobeba makombe. Wa tatu alisema niwe Dodoma Jiji kwa kuwa naishi hapa, wenzake wakamcheka mpaka akajuta. Sasa dabi inakuja. Ofisini wanachangishana jezi mpya, kijiweni wameshanikatia tiketi ya treni ya kwenda Dar. Nifanyeje? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kweli kuanza kupenda timu, au hilo lina umri wake kama kuota meno?

Mhasibu, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu,

Kucheka nimecheka, nisikufiche. Nikamsomea na mzee wangu hapa nyumbani, mstaafu wa reli na Yanga wa damu, akavua miwani akasema mtu mwenye jezi mbili si wa kumwachia funguo za nyumba. Lakini sijaitupa, maana katikati ya vichekesho vyako kuna jambo ambalo sijawahi kuandikiwa na mtu.

Nianze na huo wivu. Asubuhi ya Jumatatu ulikuwa na basi zima la watu wenye furaha, na hukumwonea wivu hata mmoja. Ulimwonea wivu mzee aliyejifunika kofia. Hayo umeyaandika mwenyewe na sidhani kama uliyaona. Mtu asiyetaka mpira angemcheka yule fundi, au angemhurumia, akaenda kuangalia gesi yake. Wewe mpaka leo unamkumbuka mabega yanavyotikisika. Kwa hiyo hilo la meno lifute. Umri haujakupita hata kidogo.

Nikuambie na mimi ninapotokea, usije ukadhani nakushauri kutoka hewani. Mimi ni wa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Baba alikuwa Coastal Union, mama African Sports, Wana Kimanumanu wenyewe. Walikula sinia moja na kulala chumba kimoja, ila siku ya mechi kila mtu alikuwa na njia yake ya kwenda Mkwakwani. Mimi nikamfuata baba. Mwaka 1988 Coastal ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara, nikiwa na miaka 13, na nikadhani maisha ndiyo yatakuwa hivyo. Hatujachukua tena. Mwaka 2016 Coastal ikashuka daraja, na African Sports ikashuka, na Mgambo JKT ikashuka, zote tatu za Tanga msimu mmoja, mkoa ukabaki hauna timu hata moja Ligi Kuu. Wakati huo nimeshazoea Dodoma, nina mume wa Yanga anayeniletea chai kitandani ili aone nitaipokea na uso gani. Miaka miwili tukawa chini. Tuliporudi 2018 nililia kwenye foleni ya luku, na watu wakadhani nimefiwa.

Kwa hiyo huyo rafiki yako anayesema mtu mzima huchagua inayobeba makombe, mwambie Shangazi anamsalimia na anamwomba apige hesabu. Simba ilichukua ligi misimu minne mfululizo kuanzia 2017/18. Ulipofika Dodoma 2019, mtu mwenye busara hizo angekuambia Simba bila kupepesa macho. Kuanzia 2021/22 Yanga ikajibu kwa minne mfululizo na yenyewe. Sasa mwenye busara angefanya nini, ahame? Makombe yanazunguka. Ukiyafuata utakuwa unazunguka nayo, na jezi kwenye droo zitaongezeka zifike nne.

Arsenal sina ubaya nayo, watu wengi hapa mjini wanayo na wanateseka nayo kihalali. Ila wewe shida yako ni kukaa na watu usiwe nao. Timu ya London haitakutoa hapo.

Sasa hizi mbili za Kariakoo. Sitakuwa mnafiki nikakuambia uziache kwa sababu mimi ni wa Tanga. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na hakuna kitongoji cha nchi hii utakachofika usimkute mtu wako kabla hujapata pa kulala. Redio ndiyo iliyozipeleka. Mechi inachezwa Dar, mtoto wa Kondoa na wa Kibondo wanaisikia dakika ile ile, kila mmoja anajichorea kichwani uwanja ambao hajawahi kuuona. Wewe ulikosa hilo kwa sababu ya betri. Bibi yako, Mungu amweke pema kama ametangulia, alikuokoa na presha nyingi, ila ndiyo hivyo, alikuacha nje ya mazungumzo ya taifa zima. Na kama unaona haya kuanza ukubwani, Simba yenyewe ilianza na jina la Queens, ikapita Eagles, ikawa Sunderland, hili la Simba imelipata mwaka 1971, ikiwa na miaka 35. Haikukuzidi sana kwa kujitambua mapema.

Wala usidhani ukubwa wa timu unakinga machozi. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF 1993, ikatoa sare ya 0-0 Abidjan, ikaja kufungwa 2-0 na Stella hapa nyumbani Dar. Yanga 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, ilifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, jumla 2-2, na kombe likabaki kule kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mume wangu hakula siku mbili, na mimi nilipika pilau makusudi. Halafu 2025 Simba tena, fainali ya Shirikisho, Berkane akawapiga 2-0 Morocco wakaja kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Hata huko juu kofia ya kujifunikia unaihitaji.

Lakini mwanangu, kuna yule wa tatu waliyemcheka mpaka akajuta. Mimi nasimama naye.

Umewahi kuingia Jamhuri? Simaanishi siku ambayo Simba au Yanga wamekuja. Siku hizo usiende kwanza, kwa sababu utaona aibu kwa niaba ya mji. Mwenyeji anaingia uwanjani kwake, anazomewa. Uwanja mzima ni kijani na njano, au ni mwekundu, na waliozomea ni watu wanaolipa kodi ya nyumba Area C na Kizota na Chang'ombe. Utawakuta na wale wengine pia, Simba waliokuja kuishangilia Dodoma Jiji kwa sababu tu anayecheza nayo ni Yanga, na Yanga wanaofanya vilevile Simba ikija. Hao mimi nawaita Dodoma Jiji wa dakika 90. Refa akipuliza, wanaivua timu kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Na nawaelewa kwa kiasi chake. Huu ni mji wa wahamiaji. Uliamuliwa kuwa makao makuu 1973, ukaitwa jiji 2018, na serikali ilipohamia kweli kweli, watu walikuja na makabati, mafaili, majiko na timu zao. Hakuna aliyekuja na nafasi wazi. Labda wewe.

Nenda siku ya kawaida. Jumatano, saa kumi jioni, mgeni ni Prisons au Mashujaa au timu yoyote ambayo haijaziba barabara. Watu ni wachache kiasi kwamba sauti moja moja inasikika. Kuna watumishi wa halmashauri waliotoroka kazini, kuna bodaboda walioegesha nje na kila bao wanachungulia pikipiki, kuna akina mama wa karanga na ubuyu, na msimu ukiwa wenyewe, zabibu. Timu yenyewe inaitwa Walima Zabibu, jina zuri kuliko wanavyocheza baadhi ya siku. Kuna mzee mmoja hukaa karibu na benchi la mgeni, anamtukana mshika kibendera kwa Kigogo tangu dakika ya kwanza, kwa upole, kama anamsimulia hadithi. Ukimfokea beki wa kulia anageuka kukutazama. Hilo kwenye kisimbuzi hulipati. Runinga inakuonyesha mpira ulipo, basi. Uwanjani utaona kipa anavyochora mstari wa kiatu kwenye nyasi wakati mpira uko upande wa pili, utaona winga aliyepoteza mpira anavyojifanya kufunga kamba ya kiatu ili asirudi kukaba, na wiki ijayo utamwona tena anaifunga kamba ile ile. Hapo ndipo mapenzi yanapoanzia kwa sisi tusiopewa na redio, kwenye kumjua mtu kwa kasoro yake.

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Dodoma Jiji ni timu ya Halmashauri ya Jiji, na wewe mhasibu unajua maana ya kuishi kwa bajeti ya halmashauri. Kuna misimu utaangalia msimamo wa ligi kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa huko ndiko tuliko. Timu ndogo pia hupotea. Mwaka 2020 zilipanda Ligi Kuu pamoja: Dodoma Jiji, Gwambina ya Misungwi na Ihefu ya Mbarali. Gwambina ilishuka msimu uliofuata, leo ukiitaja watu wanakuuliza ni nini. Ihefu ilihamishwa na wenye nayo ikaenda Singida, ikawa Singida Black Stars, na mtu wa Mbarali aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda uwanjani akabaki na uwanja. Na hao wa Singida wenyewe, majirani zetu, kabla ya hapo walikuwa na Singida United, ikaja Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, ikaondoka. Mtu wa Singida amebadilisha skafu kuliko alivyobadilisha mashuka. Kati ya zile tatu za 2020, iliyobaki palepale na jina lilelile ni hii ya kwetu. Si haba.

Tena nikukumbushe Februari 2025, basi la Dodoma Jiji lilipotumbukia mtoni mkoani Lindi likitoka kucheza na Namungo Ruangwa, wachezaji wakaumia. Siku ile nilikuwa sokoni Majengo. Muuza nyanya wangu, dada ambaye sijawahi kumsikia akitaja mpira, alikuwa anauliza kila anayepita kama kuna aliyekufa. "Watoto wetu wale," alisema. Nilimaliza mboga zangu nikaondoka kimya, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa wale wanaosema Dodoma haina mashabiki.

Basi fanya hivi. Mchukue mwanao, nenda naye Jamhuri mechi tatu za kawaida. Ligi ina timu 16, kwa hiyo nyumbani ni mechi 15 kwa msimu, huwezi kuniambia nafasi hakuna. Usivae chochote. Usikariri majina, umekariri ya kutosha. Kaa, tazama, nunua karanga. Baada ya mechi ya tatu, mkiwa njiani kurudi Nkuhungu, jiangalie. Kama umekasirika, kama unamweleza mtoto kwa mikono miwili jinsi yule winga alivyotakiwa kupiga krosi, hiyo ni timu yako na hakuna wa kukupangia. Kama unawaza gesi, basi Walima Zabibu si wako, hakuna aliyekosea, na hapo nenda moja kwa moja kwa yule fundi seremala. Mwambie ukweli wote, mpaka wa kofia. Mwombe akae na wewe mechi zote za Simba msimu mzima akufundishe. Nasema Simba kwa sababu moyo wako ulikwenda kwake siku amepigwa tano, na mtu haendi kwenye msiba asioalikwa kama hana undugu. Mume wangu amesoma hapa akasusa, lakini safu ni yangu.

Kuna watakaokuambia uwe navyo vyote, Dodoma Jiji ya nyumbani na mmoja wa Kariakoo. Wako wengi na wanaishi vizuri, ndivyo nchi yetu ilivyo. Sikukatazi. Ila swali lao ni moja: siku hao wawili wakikutana Jamhuri, unakaa upande gani? Ukishajibu hilo, huyo wa pili ni jirani tu.

Sasa uongo wako. Hapa sitakubembeleza. Nauli ya treni umekatiwa kwa pesa za watu, tena wauza kahawa na mafundi, na huo si utani wa Simba na Yanga. Anza na kijiwe. Warudishie nauli mkononi kabla hujafungua mdomo, kisha ulipie kahawa na kashata za waliokaa wote, kisha sema. Na iwe kabla ya dabi. Ukisubiri ipite, Simba ikifungwa utaonekana umekimbia, ikishinda utaonekana umewatukana. Wala usijitetee kwamba dabi huenda isichezwe. Ile ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ile ile, watu wa mikoani wameshafika Dar na nauli zao zimeshaliwa, ikaja kuchezwa Juni 25. Huwezi kupanga ukweli wako kwa ratiba ya Bodi ya Ligi.

Ofisini ni rahisi kidogo. Mtafute yule mzee wa masijala peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuuliza, na mzee hastahili kusikia habari yake kwenye basi. Mpe shikamoo, mwambie, "Mzee, siku ile niliogopa." Atacheka, au atanuna siku tatu. Hao wengine watakuzomea wiki nzima, utapewa jina, huenda kiti cha dirishani ukakikosa. Jina utalizoea. Yanga na Simba wanaitana Utopolo na Makolo kila siku na bado wanachangiana harusi.

Jezi ya njano mrudishie aliyekuuzia au mpe kijana wa hapo ofisini. Nyekundu mpe mama watoto. Simba wa kuzaliwa, anafua jezi ya timu yake miaka yote hiyo ivaliwe na mtu asiyeipenda, na hajasema neno. Huyo mwanamke mimi ningependa kumjua.

Na mtoto, mwache. Usimpakie rangi ile jezi wala usimwambie ni rangi gani. Mechi ya tatu ikiisha, weka penseli za rangi karibu na friji uende ukaoge. Anaweza kuchagua ya mama yake. Anaweza kurudi shuleni siku moja akakuambia ni Yanga kwa sababu rafiki yake wa dawati moja ni Yanga, na hapo utajua alivyojisikia mama yangu nilipomfuata baba Mkwakwani.

Jua la saa kumi la hapa bado lina meno, mvalishe kofia. Mimi hukaa mzunguko, nina mwavuli wa bluu uliovunjika mti mmoja. Njooni mnisalimie, isipokuwa siku Coastal imekuja. Siku hiyo subirini mpaka mpira uishe, na mtazame kwanza ubao wa matokeo.

Shangazi